Hawajazoea: Safari Yangu na Hadija Kuuliza Habari za Vyoo

Tangu nirudi, kila ninapokaa kwenye kahawa naulizwa jambo lile lile: ilikuwaje mtu mzima mwenye mvi zake akaondoka Tabora kwenda porini kukagua vyoo vya watu? Wengine mmekwisha kunipa jina, na jina lenyewe nimelisikia. Nimejaribu kusimulia kwa mdomo, lakini kila nikifika penye uzito mtu anatia mzaha, tunacheka, na mimi nacheka ili nipate kupita. Kwa hiyo naandika. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, wala sitapata kisingizio cha kuruka.

Wengi mnamjua Hadija, binti wa marehemu dada yangu. Alizaliwa hapa hapa Kanyenye, akachukuliwa mdogo kwenda Dar es Salaam, na sasa yuko mwaka wa mwisho Chuo Kikuu, anasoma uchumi. Kabla ya kupata shahada yake ilimbidi aandike tasnifu. Swali alilochagua ni hili. Serikali inatumia fedha nyingi kuwafundisha watu wa vijijini habari za afya, kwa redio, kwa picha za ukutani, kwa madarasa ya watu wazima. Watu wamesikia, vyoo vimechimbwa. Kwa nini basi watoto bado wanaharisha? Elimu ile inarudisha gharama yake, au fedha zingekwenda kwenye visima na dawa?

Alihitaji mtu wa kumfasiria, maana Kinyamwezi chake kinaishia kwenye salamu. Mimi nimekuwa mkalimani wa mahakama mpaka nilipostaafu. Nilisoma hadi sekondari wakati ambapo waliofika huko walikuwa wa kuhesabika, na Kinyamwezi ni lugha ya mama yangu. Aliponiomba sikungoja amalize.

"Mjomba, huko kuna kulala chini," akaniambia.

"Nimelala chini kabla mama yako hajazaliwa."

"Na chakula ni cha kubahatisha."

"Mwanangu, unaniomba au unanifukuza?"

Kanyenye hadi kwenye mbuga

Tuliondoka na lori la ushirika lililokuwa likipeleka mbolea ya tumbaku Sikonge. Dereva anaitwa Shabani, kijana wa hapa hapa mjini, mdomo wake haupumziki. Alitukalisha mbele kwa heshima ya mvi zangu, abiria wengine wakapanda juu ya magunia. Tulipoipita Ipuli nyumba zikaanza kuachana, halafu ikawa miombo tupu, majani mapya mekundu, na harufu ya mvua ya kwanza.

"Shikamoo mzee. Nasikia mnakwenda kuhesabu vyoo."

"Marahaba. Hatuhesabu, tunauliza."

"Mnauliza vyoo? Vikijibu mnipe habari."

Hadija alicheka, lakini kwa kuwa kazi ilikuwa kichwani mwake akamgeuzia kibao. "Na wewe kaka Shabani, kwako kipo?"

"Kipo dada, tena kizuri, nimekiezeka kwa bati. Taabu yangu ni mama mkwe. Akija kututembelea, mimi haja yangu naipeleka kwa jirani mpaka aondoke. Safari iliyopita alikaa mwezi mzima. Jirani sasa akiniona asubuhi ananikimbia."

Tulicheka hadi machozi. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa. Jibu la tasnifu nzima lilikwisha kusemwa ndani ya lori lile, kwa Kiswahili safi, nasi tukalichukua kama kichekesho cha njiani.

Mchana lori likazama. Mliopita njia ile mnaijua ile mbuga yenye udongo mweusi. Watu walishuka, wakakata matawi, wakayatandika chini ya magurudumu, na kila Shabani alipokanyaga mafuta lori lilijichimbia zaidi. Tulilala pale pale. Mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia alifungua kapu lake akatugawia matobolwa, yale yaliyopikwa kwa karanga. Hadija alitafuna, akatafuna, akaninong'oneza, "Mjomba, hii nyama mbona tamu?" Nikamwambia ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Yule mama alisikia, akacheka hadi akakaa chini. "Binti wa Chuo Kikuu hajui kiazi!" Hadija naye akacheka, akaomba vingine. Nilimpenda sana jioni ile. Alikuwa tayari kuonekana hajui, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza.

Asubuhi lilikuja trekta la ushirika likatuvuta.

Sikonge na vijiji vya kwanza

Pale Sikonge tuliazima baiskeli mbili, tukaanza kuzunguka vijiji vya karibu. Vilikuwa vijiji vipya vya ujamaa. Watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakapangwa nyumba kwa mistari, kila nyumba na kiwanja chake, na nyuma ya kila nyumba choo kimoja cha shimo. Kwa macho vinapendeza. Ukisimama mwanzo wa mstari unaona vyoo vimejipanga kama askari gwaridani.

Nyumba moja Hadija aliuliza mwenyewe kwa Kiswahili, maana mwenye nyumba alikijua. "Choo chenu kinatumika?"

"Kinatumika sana," akajibu yule bwana.

Hadija akaandika, akafurahi. Kisha akaomba kukiona. Ndani kulikuwa na mizinga ya nyuki ya magome, imepangwa vizuri mpaka darini, na kuku amelalia mayai juu ya kifuniko cha shimo.

"Si umesema kinatumika?"

"Sasa hiki hakitumiki?" Yule bwana alishangaa kweli kweli. "Walisema kila nyumba iwe nacho. Tumekijenga. Kikae bure?"

Halafu alinigeukia akanieleza kwa Kinyamwezi, kwa kirefu, habari za mama mkwe wake anayeishi nao tangu kuhamia kijijini, na njia inayopita mbele ya mlango wake. Hadija alikuwa na kalamu mkononi, ananitazama.

Nikasema, "Anasema hawajazoea."

Hapa lazima niwaeleze jinsi mkalimani wa mahakama anavyofanya kazi. Shahidi anakuja na hadithi. Ataanza na ng'ombe wa babu yake, atapitia harusi ya shangazi, ndipo afike kwenye ugomvi. Hakimu hana muda huo. Hakimu anataka neno la kuandika: amekubali, amekataa, hakumbuki. Mkalimani mzuri, kwa tulivyofundishana, ni yule anayesikiliza mengi na kutoa kidogo. Nilisifiwa kwa hilo, na sifa ile iliniharibu. Nilifika mahali nikaamini kwamba maneno ya mtu wa shamba ni maganda na mimi ndiye wa kuyamenya.

Tena kulikuwa na aibu. Mambo ya ukwe na haja ya mtu, nitayasemaje mbele ya binti wa dada yangu? Neno "hawajazoea" lilinifaa. Lilikuwa fupi, halina uchafu, na halimtukani mtu. Nilipokwisha kulipata, nililitumia nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji. Hadija alikuwa akiandika tu. Jioni aliniambia, "Mjomba, majibu yanafanana sana. Hii ni dalili nzuri." Nami nikaitikia kwamba ni dalili nzuri.

Kijiji cha mistari

Kijiji tulichokaa zaidi sitakitaja jina. Kiko mbele ya Sikonge, karibu na njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka Tabora kwenda Karema ziwani. Wenyeji bado wanaiita njia ya wapagazi.

Tulifikia kwa mzee mmoja mjane anayeitwa Maganga, mrina asali, umri wake kama wangu. Alituweka kwenye chumba kizuri kuliko chake, kinachotazama bani lake, lile banda la kukaushia tumbaku. Kwa kuwa sukari ilikuwa haionekani dukani, chai yake tuliinywa kwa asali, na jioni tulikula ugali kwa uyoga uliookotwa siku ile ile msituni. Mwanawe, Mihambo, alikuwa kambini porini na warina wenzake. Nyumbani alibaki mke wa Mihambo, Kalunde, mwenye mimba kubwa. Ndiye aliyepika, lakini chakula hakukileta mwenyewe. Alikiweka nyuma ya ukuta, akakohoa kidogo, mzee akaniomba mimi nikakichukue. Walipopishana uani kila mmoja aliangalia upande wake. Mimi sikuona ajabu. Ndiyo heshima ya mkwe, nimekua nikiiona.

Kesho yake Hadija akamhoji Kalunde chini ya upenu, mimi katikati. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi, naye akafuata lugha niliyoanza. Hadija akauliza, "Choo chenu ni kisafi, hakina hata alama ya mguu. Kwa nini hamkitumii?"

Kalunde aliinama, akajifunika kanga hadi shavuni, akazungumza muda mrefu. Nilisikia kila neno. Alisema choo ni kimoja, na ni cha baba mkwe wake. Mlango wake unatazama baraza la uani anapokaa mzee, kwa hiyo akienda ataonekana anakwenda, na akirudi ataonekana anarudi. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo mkwe wake amekaa, na tumbo hili limekuwa zito, msitu ni mbali, alfajiri kuna fisi. Alisema amekwisha kuomba kichimbwe kingine, lakini kwenye ofisi ya kijiji waliambiwa nyumba moja choo kimoja.

Nikamgeukia Hadija. "Anasema hawajazoea."

Kalunde aliinua uso akanitazama, mara moja tu, akainama tena.

Jioni mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano ili mgeni wa Chuo Kikuu aseme amejifunza nini. Si mtu mbaya yule mwenyekiti. Ni kijana mwenye juhudi, na wilayani walikuwa wakimsumbua kila wiki kuhusu kuhara.

"Ndugu mwanafunzi, tuambie. Tatizo letu ni nini?"

Hadija alisimama, akasema kwa adabu kwamba bado anaendelea kuchunguza, lakini kwa sehemu kubwa inaonekana watu hawajazoea.

"Basi!" Mwenyekiti akapiga makofi. "Kama ni kuzoea, ndugu zangu, tutazoeshana."

Alfajiri aliweka mgambo nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa msitu. Na wa kwanza kukutwa akirudi alikuwa Kalunde.

Walimleta mpaka kwenye baraza la Mzee Maganga. Hawakumpiga wala kumtukana. Mwenyekiti alimsimamisha mbele ya choo, mkwe wake amekaa pale kwenye kigoda, majirani wamejaa, akamwuliza: "Dada, choo kipo hapa, kisafi, cha kwenu. Unakwenda porini kufanya nini? Sema tu, hatukuli."

Kalunde alijifunika uso wote kwa kanga. Mzee Maganga aligeuza kigoda chake akatazama ukuta. Swali likarudiwa. Mtu mmoja akacheka nyuma. Mgambo akaufungua mlango wa choo, akasema kwa upole, kama anayemkaribisha mgeni, "Ingia basi tukuone."

Kalunde alitoka mbio. Kabla jua halijawa kali alikuwa amefunga vitu vyake, ameondoka kwenda kwao kwa miguu, na mimba ile.

Hadija alibaki amesimama pale uani. "Mjomba, mimi sielewi. Jana alituambia hawajazoea. Ni neno moja. Leo ameshindwa nini kulirudia?"

Nilikaa chini kabla sijajibu.

"Hakulisema," nikamwambia. "Ni langu."

Nikamweleza yote aliyosema Kalunde, na yule bwana wa mizinga, na wengine niliowakumbuka. Hadija alisikiliza bila kuandika.

"Kote ulifanya hivyo?"

"Kote."

"Unajua nimeandika nini, mjomba? Nimeandika kwamba hawa watu wafundishwe zaidi. Wamefundishwa! Wanajua kuhara kunatoka wapi kuliko mimi. Wamechimba kama walivyoagizwa. Sisi ndio tuliochora mistari na kuhesabu mashimo, hatukuuliza nani anaishi na nani." Akaigeukia njia aliyoondokea Kalunde. "Na huyu mama akijifungulia njiani?"

Likizo yake ilikuwa inakwisha, kurudi kwenye vijiji vya nyuma haikuwezekana. Aliniambia ataviondoa vyote kwenye tasnifu. "Siwezi kuandika nisichokisikia." Kisha akaingia ndani, na mpaka jioni hakuniita mjomba wala kitu kingine.

Njia ya wapagazi

Jioni ile Mzee Maganga alinifuata.

"Mwenzangu, binti ameniambia kazi yako ni kupeleka maneno."

"Ndiyo kazi yangu."

"Mimi siwezi kwenda kusimama mbele ya mkwe wangu nikaongea habari hii. Mihambo nimemtumia mtu kambini, hajafika. Utakwenda?"

Hadija alikuwa mlangoni, ananitazama. Nikasema nitakwenda.

"Basi sikiliza. Mwambie tangu alipoingia nyumbani kwangu sijakanyaga choo kile. Nakwenda msituni, nashika njia ya mizinga yangu ili watu wadhani nakwenda kuangalia nyuki. Kile ni chake. Nilidhani anajua. Mwambie leo nimeona haya mimi kuliko yeye. Na mwambie nachimba kingine, mwenyekiti akitaka anifunge."

Nilimrudishia maneno yake mpaka aliporidhika. Kisha, kwa mara ya kwanza katika safari ile, nilimfasiria Hadija neno kwa neno, na nje ya yale ya lazima hatukuongea tena.

Asubuhi tukapanda baiskeli kwenda kwao Kalunde. Njia ya wapagazi siku hizi ni ya baiskeli moja kufuata nyingine, lakini mahali pengine imezama kama mfereji kwa miguu ya waliopita. Babu yangu mzaa mama alipita humo na pembe begani. Sisi tulipita na ndorobo. Wale wadudu wanauma kupitia shati, na ukiachia usukani ili uwapige, baiskeli inaingia kwenye mti. Nilianguka, tena na tena. Hadija kila mara alisimama, akaninyanyua, akanipangusa, akapanda tena bila kusema kitu. Ningeona nafuu kama angenicheka. Tairi langu likapasuka, tukakokota baiskeli mpaka tulipompata mrina asali aliyetuzibia kwa nta na kipande cha kiatu. Hakuamini kwamba nta ingeshika. Ilishika.

Kwao Kalunde tulipokewa vibaya, na kwa sababu nisiyoitegemea. Mama yake alimtazama Hadija kuanzia kiatu hadi nywele, akaingia ndani, akakaa. Tukaachwa uani jua linatuwakia. Baadaye baba yake akatoka na mkuki wake, akauegemeza ukutani mahali ambapo tungeuona.

"Mzee, tunajua umekuja kufanya nini," akasema. "Lakini kumleta huyu mpya hapa hapa, aje amwangalie mwenzake analia, hiyo si tabia."

Walidhani Hadija ni mke mpya wa Mihambo, na mimi ndiye mshenga. Nilipomfasiria Hadija, aliangua kicheko, cha kwanza tangu jana. "Waambie mimi nimeposwa na tasnifu." Niliwaambia hivyo hivyo. Hawakuelewa, lakini kicheko chake kiliwatosha. Tukapewa maji.

Kalunde alikuja akakaa mbali kidogo, mama yake pembeni. Nikampa maneno ya mkwe wake. Sikuruka kitu, hata lile la kushika njia ya mizinga. Nilipofika hapo alishika mdomo.

"Basi kimekaa bure," akasema. "Mimi namwachia yeye, yeye ananiachia mimi." Alicheka huku machozi yanamtoka, na mama yake naye, mpaka baba, aliyekuwa amerudi ndani, akauliza huko nje kuna nini.

Halafu akajipangusa, akanitazama usoni. Akasema kwa Kiswahili, bila kigugumizi:

"Mzee, mimi Kiswahili nakisikia. Nimekisoma jioni kwenye darasa la watu wazima. Siku ile nilikusikia. Sasa nitasema kwa Kinyamwezi, nawe umwambie dada kwa Kiswahili, na mimi nitakuwa nasikiliza."

Sijawahi kusimama mbele ya hakimu mkali kuliko yule. Akaanza, akisema kidogo kidogo na kuningoja.

"Mwambie dada kwamba nilimjibu swali lake vizuri, kwa sababu aliniuliza vizuri."

Nikamwambia.

"Mwambie kwamba mjomba wake ni kama mtu aliyetumwa mtoni, akarudi na tone moja ndani ya kata, akasema mto umekauka."

Nilisita. Hadija aliinua macho. Nikamwambia, na kata, na tone.

"Mwambie nilinyamaza kwa ajili ya mvi zake, na mvi hizo amezitumia vibaya."

Nikamwambia. Hadija alinong'ona, "Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Na hajamaliza."

Hajamaliza kweli. Alisema habari za fisi, za mvua, za wanawake wengine wa mstari ule na jinsi kila mmoja anavyojificha, nani anakwenda na nani. Alisema watoto wadogo wanawafuata mama zao msituni, maji ya mvua yanateremka kutoka huko mpaka kisimani, na mwalimu wa afya alikwisha kuwaeleza hatari hiyo, wanaijua. Hadija aliandika mpaka mkono ukamwuma, akaomba radhi, akaunyoosha, akaendelea. Mwisho Kalunde akasema maneno ya kumpelekea mkwe wake. Nilimrudishia. Akanisahihisha mahali pamoja. Nikarudia.

Kurudi kwa Mzee Maganga

Tulilala huko, tukala ugali wa mtama kwa mlenda, na asubuhi tukashika njia ile ile. Hadija aliniita mjomba tena, karibu na pale tairi lilipopasuka. Aliniuliza kama nimechoka. Nilimjibu kwamba nimechoka, jambo ambalo kwa kawaida nisingelikubali.

Mihambo alikuwa bado hajafika. Tulimkuta Mzee Maganga amekwisha kupima mahali pa choo kipya na kusimamisha vigingi, ubavuni mwa nyumba. Mwenyekiti alikuwepo, anabishana naye.

"Ramani ya wilaya inasema nyumba moja choo kimoja. Mimi nitawaambia nini?"

Hadija ndiye aliyemjibu. "Ndugu mwenyekiti, shimo moja ambalo halitumiki na mashimo mawili yanayotumika, ghali ni lipi?"

Mwenyekiti alikuna kichwa. "Hiyo ndiyo hesabu yenu ya Chuo Kikuu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona fupi hivyo?" Akatazama vigingi, akamtazama mzee. "Mimi kesho naitwa wilayani. Nisipokuwepo siwezi kuona." Akapanda baiskeli yake. Alipofika mbele kidogo akageuka. "Na yule dada, mwambieni... mwambieni mgambo nimewaondoa." Nikamwambia maneno hayo atayapeleka mwenyewe, mimi nina mzigo wa mwingine. Akatikisa kichwa, akaenda.

Nikakaa na mzee. Nikampa maneno ya Kalunde kama yalivyotoka.

Hayakuwa matamu yote. Kalunde alisema amesikia kwamba choo kile aliachiwa yeye, na anashukuru. Alisema, hata hivyo, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda wakati mlango ulipofunguliwa, na angeweza kusema neno moja kwa mwenyekiti, lakini aliona ni heri kutazama ukuta. Hilo limemwuma kuliko mgambo. Nilipolifikia neno hilo nilimwona yule mzee mikono yake ina udongo, na nilijua sentensi fupi ambayo ingempunguzia. Nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikasema kama Kalunde alivyosema.

Mzee Maganga akaokota kijiti akakivunja, akakivunja tena.

"Ni kweli," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Kalunde alisema atajifungulia kwao. Baada ya hapo atatuma mtu wa kuangalia choo kipya, na mtu huyo akirudi na habari nzuri ndipo atakapojua kama anarudi. Na alisema habari za mlango wa choo hicho kipya. Hilo ndilo alilonisahihisha, maana mara ya kwanza nilidhani ni jambo dogo, nikalipitia juu juu.

Mpaka naandika haya sijapata habari yoyote kutoka huko. Hadija amekwisha kurudi chuoni na tasnifu ya kijiji kimoja, akijua kwamba walimu wake watamwuliza vingine viko wapi. Nimemwambia anitaje kwa jina. Hajanijibu.

"Rudia hapo kwenye mlango," Mzee Maganga akaniambia siku ile nilipomaliza.

"Amesema mlango usitazame baraza wala njia. Utazame bani la tumbaku. Na mtu aliyekaa kwenye kigoda chako asiweze kuona anayekwenda wala anayerudi."

Mzee akainuka, akaenda barazani, akakaa kwenye kigoda, akatazama. Akarudi, akang'oa vigingi, akavisogeza. Akaenda kukaa tena, akatazama, akarudi, akavisogeza zaidi, mpaka vikawa nyuma kabisa ya bani. Mara ya mwisho alikaa pale kwa muda, akageuza shingo kushoto na kulia, na alipoona kwamba haoni kitu isipokuwa ukuta wa bani, akashuka na jembe lake akaanza kuchimba.